Tuzinase sauti za wazee wa Kanyakine

Miaka ya mwanzo ya gramafoni, mwimbaji hakuwa na maikrofoni. Mbele yake palikuwa na baragumu kubwa lililotokeza ukutani. Aliimba akiwa ameliinamia, na noti ya juu ilipokaribia alirudi nyuma kidogo, kwani kishindo cha sauti kingeweza kuiharibu nta iliyokuwa ikichorwa na sindano. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba takriban dakika tatu tu.

Hivyo ndivyo mwimbaji Elena Gerhardt alivyorekodi nyimbo za Kijerumani mwaka 1907, Arthur Nikisch akimpigia piano. Maikrofoni ilipoingia studio mwaka 1925, kazi ikawa nyepesi. Kufikia 1928, karne moja tangu mtunzi Franz Schubert afariki, Hans Duhan alikuwa ameshaziimba kwenye santuri nyimbo zote 24 za Winterreise, mkusanyo wa Schubert huyo.

Mwaka huohuo wa 1928, Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kuimbia His Master's Voice, kampuni yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Binti huyo wa Fumba, Unguja, aliimba kwa Kiswahili, na santuri zake zikavuma pwani yote. Leo twaweza kumsikia mwenyewe, si kusimuliwa habari zake tu.

Bara nako sauti zilinaswa, ila nyingine zilichukuliwa mbali. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alirekodi nyimbo kusini mwa Tanzania ya leo kwenye silinda za nta, akazipeleka Ujerumani.

Huku Kanyakine, Imenti Kusini, wapo wazee wanaozijua nyimbo za jando, za harusi na za shambani. Mzee akiondoka, huondoka nazo. Hatuhitaji meli wala baragumu: simu iliyo mfukoni inanasa sauti safi kuliko studio aliyoimbia Gerhardt.

Vijana, mwendeeni babu au nyanya kwa heshima, mwombeni ruhusa, kisha mumwache aimbe hadi mwisho bila kumkatiza. Andikeni jina lake, kijiji, rika, tarehe na hafla ambamo wimbo huo huimbwa. Wekeni nakala mahali pawili au zaidi, mojawapo ikiwa maktaba ya shule, maana simu hupotea. Walimu wa muziki wasimamie kazi hii, na serikali ya kaunti iitengee fedha. Mwenye mzee nyumbani aanze wikendi hii.