Historia ya sanaa si kutazama picha tu

MZAZI anapoambiwa na mwanawe kwamba anataka kusomea historia ya sanaa chuo kikuu, swali la kwanza huwa moja: utapata kazi gani? Wengi hudhani somo hilo ni kutazama picha za kuvutia na kukariri majina ya wachoraji wa Ulaya waliofariki zamani.

Ukweli ni kwamba mwanafunzi wa fani hii hufundishwa mambo matatu. Kwanza, kuichunguza kazi ya sanaa: imetengenezwa kwa nini na kwa mtindo gani. Pili, kueleza ilikuwa na maana gani kwa walioitengeneza. Tatu, kufuatilia ilipita mikononi mwa nani hadi kufika ilipo.

Umuhimu wa jambo la tatu unadhihirika katika kisa cha vigango, nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wamijikenda wa pwani ya Kenya huzisimika kuwakumbuka wazee waliokuwa wa chama cha Gohu. Kwa mila, kigango kikishasimikwa hakiondolewi.

Mwaka 1985, mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa masuala ya Afrika nchini Marekani, Udvardy alikiona kimoja katika slaidi. Kilikuwa mali ya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Illinois State. Cha pili kiligunduliwa katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kimoja kilirejeshwa Kenya mwaka 2006, na kingine kikafuata mwaka 2007.

Kilichowaokoa wenye mali ni ile picha ya 1985, pamoja na jicho lililoweza kuitambua nguzo ile miongoni mwa nyingine.

Si vyote vyenye bahati hiyo. Mwaka 2023, Makumbusho ya Jimbo la Illinois yalirejesha vigango 37, lakini vigango vingi vilivyouzwa ng'ambo havina kumbukumbu ya boma vilikotolewa. Vimerudi nchini, ila kufika nyumbani ni jambo jingine.

Kulitafuta boma hilo ni kazi, na inahitaji watu waliosomea. Mzazi anayeuliza swali lile ana jibu la kuanzia.