Maktaba ya Darasa kwa Wasomaji Wasiolingana

Mwalimu yeyote aliyepata kusimama mbele ya Darasa la Pili katika shule ya msingi ya Tanzania anajua ya kuwa watoto wanaoitwa kwa jina moja la darasa si wasomaji wa daraja moja: yupo anayetafuta bado tofauti baina ya b na d, yupo anayeunga silabi kwa kidole huku midomo ikimcheza, yupo asomaye sentensi nzima walakini akifika mwisho amekwisha kusahau mwanzo, na yupo mmoja au wawili waliomaliza kitabu cha kiada siku nyingi, ambao tangu hapo hukaa wakitazama dirishani. Maktaba ya darasa, yaani akiba ndogo ya vitabu vya hadithi na maarifa inayokaa humo humo chumbani wanamosomea, huwekwa kwa ajili ya hao wote pamoja. Kazi ya sura hii ni kueleza jinsi ya kuipanga ili kila mmoja apate kitabu kimfaacho pasipo yeyote kutahayari mbele ya wenziwe. Na sharti hilo la pili nalitia uzito kuliko la kwanza, kwa kuwa mtoto aliyeaibishwa kwa sababu ya kitabu huvikimbia vitabu vyote.

Kufundisha wasiolingana katika chumba kimoja si jambo geni pwani. Chuoni, mahali watoto wafunzwapo Kurani, mwalimu huwa na wanafunzi wengi, kila mmoja mahali pake: huyu na ubao wake akitaja herufi na irabu, yule katika juzuu ya Amma, mwingine amekaribia kuhitimu, na wote wamekaa mkekani pamoja wakisoma kwa sauti, mkubwa akimsikiliza mdogo. Sidai ya kuwa vyuo havikuwa na ukali wake. Ninalolitwaa kwavyo ni ile kanuni ya kumpa kila mtoto somo lake na kumsikiliza peke yake. Shule ya serikali ilikuja na desturi nyingine, ya kitabu kimoja kwa wote na ukurasa mmoja kwa siku moja, na kitabu kisicho na mtihani, ambacho mtoto hukisoma kwa kupenda tu, kilichelewa kufika. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilieneza vitabu vya Kiswahili na kupeleka masanduku ya vitabu mahali pasipokuwa na maktaba. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza Dar es Salaam mwaka 1991. Na tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook, wenye asili yake Afrika Kusini, umekuwa ukitoa katika intaneti hadithi ambazo mwalimu aweza kuzichapisha bila malipo, nyingi zikiwa kwa Kiswahili, zikiwa zimegawanywa kwa ngazi tano, kuanzia maneno ya kwanza hata hadithi za kusomewa kwa sauti.

Kabla ya kupanga, mwalimu hana budi kuvisoma vitabu vyake vyote na kuvipima ugumu. Hapa ndipo wengi hupotea, maana vipimo vinavyosifiwa vimetoka kwa lugha nyingine. Shule nyingi za Marekani hutumia ngazi zilizopangwa na Irene Fountas na Gay Su Pinnell, zinazoanza na A na kuishia Z. Ni kazi ya heshima, lakini katika Kiingereza sehemu kubwa ya ugumu hutokana na maandishi yasiyofuata matamshi, ilhali katika Kiswahili, ambamo neno hutamkwa kama lilivyoandikwa, ugumu hukaa kwingine. Hukaa kwanza katika silabi: mtoto asomaye mananasi bila taabu, neno refu lenye silabi nne nyepesi, aweza kukwama mbele ya mbwa, neno la herufi nne tu, kwa sababu konsonanti tatu zimesongamana kabla ya irabu. Hukaa pili katika kitenzi. Hatutawaandikia ni neno moja machoni, walakini ndani yake mna kukanusha, mna sisi, mna wakati ujao, mna wao, na mna kitendo chenyewe pamoja na anayetendewa; kitabu kilichojaa vitenzi vya namna hiyo ni kigumu hata kama kila ukurasa una mstari mmoja. Hukaa tatu katika mazingira ya msomaji: mtoto wa Kilwa amjua pweza na ngalawa tangu hajajua kusoma, na huenda asijue kihenge cha nafaka; mtoto wa Usukumani, ambaye lugha yake ya kwanza nyumbani ni Kisukuma, hali yake ni kinyume. Kwa hiyo kitabu kile kile hakiwezi kupewa ngazi moja kwa nchi nzima, na mwalimu wa mahali ana haki ya kuisahihisha alama iliyochapwa na kiwanda.

Fauka ya hayo, wepesi wa maandishi yetu una mtego wake. Mtoto wa Kiswahili akiisha kuzishika silabi aweza kutamka ukurasa mzima kwa ufasaha pasipo kufahamu neno, na msikilizaji akadhani kasoma. Ile desturi ya kumwambia mtoto akunje kidole kwa kila neno linalomkwamisha, na vidole vitano vikikunjwa katika ukurasa mmoja achague kitabu kingine, inafaa kiasi, lakini kwetu haitoshi. Funga kitabu, umwombe akusimulie kwa maneno yake; kama hana la kusimulia, kitabu hicho bado si chake.

Madhali vitabu vimekwisha kupimwa, vinapangwaje? Wapo wanaovitia katika vikapu kwa rangi zilizo wazi, chekundu kwa wanaoanza, kijani kwa waliotangulia, na nakiri ya kuwa njia hiyo ni nyepesi kwa mwalimu mwenye watoto wengi. Rai yangu ni kwamba gharama yake ni kubwa mno. Haipiti wiki kabla darasa zima halijajua kikapu kipi ni cha nani, na mtoto wa kikapu chekundu hujiona amepewa jina. Hata hao Fountas na Pinnell wamesema wazi ya kuwa ngazi zao ni chombo cha mwalimu, wala si cheo cha kumwandika mtoto. Basi alama na iwe kitone kidogo ndani ya jalada la nyuma, na vitabu vipangwe kwa mambo yaliyomo: sungura na fisi mahali pamoja, mazimwi, safari, wanyama wa porini, afya, mpira, vitendawili na mashairi. Katika kila fungu vyepesi na vigumu vikae ubavu kwa ubavu, ili wapenda mazimwi wote wakutane penye mazimwi, kila mmoja akitwaa kwa kadiri yake. Anayeanza asiachwe apapase peke yake. Mwalimu, mwenye daftari lake la siri lenye ngazi ya kila mtoto, amtolee viwili vitatu vinavyomfaa na kumwachia achague. Na mwalimu mwenyewe akivisoma vitabu vyepesi mbele ya darasa kwa furaha ya kweli, hakuna atakayeona haya kuvishika.

Anayestahili huruma kupita wote ni yule wa miaka kumi na miwili aliye bado katika silabi. Hadithi ya kifaranga aliyempoteza mama yake humdhalilisha, maana yeye huenda alfajiri ndiye aliyekamua ng'ombe au kuvuta nyavu. Anahitaji sentensi fupi juu ya mambo ya watu wazima, na vitabu vya aina hiyo ni haba sana katika Kiswahili. Mpaka waandishi wetu wautimize wajibu huo, dawa imo darasani: kijana asimulie kazi anayoijua, mwalimu aandike kwa maneno yake yale yale, wenziwe wachore picha, kurasa zishonwe kwa uzi, na kitabu kiwekwe katika fungu lake pamoja na vya dukani, jina la mtungaji likiwa juu ya jalada.

Vyombo havitaki maneno mengi. Kamba ya katani iliyofungwa ukutani kwa urefu wa mtoto, vitabu vimening'inia kwa vibanio vya nguo na majalada yakionekana, yatosha pasipo na rafu. Majalada yasifunikwe kwa karatasi ya kaki, kwa kuwa picha ndiyo inayomwita asiyeweza kusoma jina. Kubwa zaidi ni ufunguo. Mara nyingi vitabu hulala kabatini kwa mwalimu mkuu, si kwa ubaya wa mtu, bali kwa sababu kila nakala imeandikwa katika orodha, naye mwalimu aogopa kuulizwa mwisho wa mwaka. Mwalimu mkuu mwenye insafu na aandike mapema ya kuwa vitabu vitakavyochakaa kwa kusomwa vitafutwa katika orodha, na deni lake halitamfuata mtu.

Mwisho wa kila muhula, watoto waliowekwa kusimamia kuazima, pamoja na mwalimu wao, na wapitie daftari linaloandikwa vitabu vilivyoazimwa, ili kutafuta vitabu ambavyo hakuna aliyevigusa. Kimoja kimoja kisomwe kwa sauti mbele ya wote. Kisipopata mwenyewe hata baada ya hapo, kipelekwe darasa jirani, na badala yake kiletwe kingine.