"Inept": neno la ustadi uliokosekana

"Inept" ni kivumishi cha Kiingereza kinachomweleza mtu asiyeijua kazi aliyoishika, au kuitaja kazi yenyewe iliyoborongwa kwa kukosa ujuzi. Asili yake ni Kilatini: "aptus" ni kinachofaa, kilichokaa mahali pake, na "in-" hukanusha. Mzizi huohuo umezaa pia "inapt", na hapo waandishi wengi huteleza. "Inapt" ni kisichofaa mahali kilipotumiwa, kama utani wa harusini uliotolewa matangani. Aliyeutoa huenda ni msemaji hodari aliyekosea mahali tu. Akiitwa "inept", amehukumiwa kwamba kusema kwenyewe hakujui.

Katika mtaa kama Iftin mjini Garissa, ambako Kisomali ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi, neno hili lina mtego mwingine. Kisomali hakina sauti ya "p", na alfabeti yake ya Kilatini, iliyorasimishwa mwaka 1972, haina herufi hiyo. Ndiyo sababu polisi huwa "booliis" na pasipoti huwa "baasaboor". Sikio lililolelewa hivyo laweza kuivuta kalamu iandike "inebt". Mwanafunzi anayekosea hivyo hastahili kuchekwa, kwa kuwa lugha ya mama ndiyo inayomwongoza mkono. Linalosaidia ni kulikariri neno pamoja na jamaa yake "aptitude", kipaji cha kujifunza jambo, ambalo "p" yake haifichiki. "Adept", yaani hodari, hufanana na "inept" kwa sura na kupingana nalo kwa maana, ingawa kwa mbali mizizi yao ya Kilatini ni ya ukoo mmoja.

Nomino ya kawaida ni "ineptitude", na kielezi ni "ineptly". Ujuzi unaokosekana hutajwa baada ya "at": "He is inept at bookkeeping", hajui kutunza hesabu. Kivumishi hiki hakifai kwa mashine. Pampu ya kuvuta maji ya Mto Tana ikikataa kuwaka, haiwi "inept". Fundi aliyeifunga kinyume ndiye "inept", na ukarabati wake waweza kuitwa "an inept repair".

Tofauti kati ya neno hili na "clumsy" huonekana vizuri penye ngamia. Mkamuaji wa Kisomali husimama kwa mguu mmoja, akaukunja wa pili na kukiweka chombo pajani. Ndama hutangulizwa anyonye kidogo ili mama aachilie maziwa. Mgeni kutoka mjini aliyeelezwa hayo yote, kisha akayumba na kumwaga maziwa mchangani, ni "clumsy": mwili wake ndio uliomwangusha. Aliyemfukuza ndama kwanza, halafu akabaki kuvuta chuchu zisizotoa kitu, ni "inept", hata kama mikono yake ni myepesi na hakumwaga tone. Huyo hajui kazi inavyokwenda. Mtu mmoja aweza kuwa yote mawili, ila mwandishi makini huamua anachokisema kabla ya kuandika.

Kosa baya zaidi ni kulifanya neno hili tusi la kila anayeshindwa kutoa huduma. Muuguzi ambaye kabati lake halina dawa si "inept". Ujuzi anao, vifaa ndivyo havipo, na kumwandika hivyo ni kumdhulumu mtu na kumficha aliyepaswa kuleta dawa. Mzembe naye ana neno lake, "negligent": anajua la kufanya, asilifanye. Mla rushwa ni "corrupt", na mara nyingi ustadi wake ni mkubwa mno. Kiswahili cha mazungumzo huwakusanya wote hawa chini ya "uzembe", kwa hiyo anayetafsiri kichwani hulipata neno la kwanza la Kiingereza linalomjia badala ya lile analolihitaji.

Penye sheria, "inept" hupisha "incompetence". Kifungu cha 168 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaja "incompetence" miongoni mwa sababu za kumwondoa jaji, na Kifungu cha 251 kinaitaja kwa wanachama wa tume huru. Kifungu cha 181, kinachohusu kumwondoa gavana wa kaunti, hakiitaji kabisa. Kinazungumzia ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria nyingine, shaka nzito ya kutenda jinai, matumizi mabaya ya ofisi au utovu mkubwa wa nidhamu, na kutoweza kazi kimwili au kiakili. Mwakilishi wadi anayejenga hoja yake yote juu ya "ineptitude", katika Bunge la Kaunti ya Garissa au lingine lolote, amelichagua neno lisilo na mlango katika kifungu hicho, hata kama lalamiko lake ni la kweli.

Katika barua ya kawaida ya malalamiko, "inept" huhitaji tendo la kulishikilia. "The contractor is inept" humwacha msomaji na hasira ya mwandishi tu. "The contractor laid the pipe uphill and ineptly sealed the joints" humwonyesha bomba lililolazwa kuelekea mlimani na maungio yanayovuja, mambo ambayo mhandisi wa kaunti aweza kwenda kuyakagua.