Zebaki, Sumu Isafiriyo kwa Upepo

Mtu akaaye Mgwashi ajua kwamba mvua ya milima ya Usambara haizaliwi milimani. Jua hupasha moto maji ya Bahari ya Hindi, mvuke hupanda juu, upepo huuchukua mpaka bara, nao ufikapo kwenye milima yetu yenye baridi hugeuka ukungu na mvua. Hivyo maji yaliyokuwa baharini huja kunywesha migomba na mashamba ya chai, wala hakuna aliyeyachukua kichwani. Walakini upepo hauchagui mzigo. Kama uchukuavyo mvuke wa maji, kadhalika huchukua mvuke wa sumu. Sumu mojawapo isafiriyo hivyo ni zebaki.

Zebaki ni madini mazito, yang'aayo kama fedha. Chuma, shaba na dhahabu ni vitu vigumu, lakini zebaki ni majimaji hata bila kutiwa motoni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya zebaki ina uzito wa kilo 13 na nusu. Tena hugeuka mvuke kwa urahisi, na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Hapo ndipo ilipo hatari yake.

Mvuke huo hutoka wapi? Sehemu hutoka katika milima ya moto, na sehemu katika moshi wa makaa ya mawe. Lakini sehemu iliyo kubwa katika ile itokanayo na kazi za wanadamu hutoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Huko Geita, karibu na Ziwa Viktoria, wachimbaji husaga mawe yakawa unga, kisha huuchanganya unga huo na zebaki. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu, vikawa donge moja. Donge hilo hutiwa motoni. Zebaki hutoka kwa mvuke, na dhahabu hubaki. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2015 kazi za wanadamu zilitia hewani zebaki ipatayo tani 2,200, na zaidi ya theluthi yake ilitokana na uchimbaji mdogo wa dhahabu.

Mvuke huo waweza kukaa hewani miezi mingi na kuzunguka dunia. Mwingine hufika nchi za ncha ya kaskazini, ambako wakati wa baridi jua halionekani kwa siku nyingi. Jua lirudipo, mwanga wake pamoja na chumvi za bahari huigeuza zebaki ya hewani, ikaanguka juu ya theluji. Theluji ikiyeyuka, sehemu ya zebaki huingia maziwani. Katika nchi ya Kanada, kisiwani Ellesmere, liko ziwa liitwalo Hazen, lenye kina cha zaidi ya meta 260. Kando yake hakuna mji, wala kiwanda, wala mgodi. Hata hivyo wataalamu wamekuta zebaki katika maji yake na katika samaki wake.

Labda utauliza, zebaki ya majini ni kidogo mno. Yawezaje kumdhuru mtu? Jibu ni hili. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza ikawa ya namna nyingine, iingiayo mwilini upesi na kutoka polepole. Tufanye mfano. Kijani cha majini kina chembe 1 ya sumu. Mdudu alaye vijani 10 atakuwa na chembe 10. Samaki mdogo alaye wadudu 10 atakuwa na chembe 100. Samaki mkubwa alaye samaki wadogo 10 atakuwa na chembe 1,000. Samaki wa Ziwa Hazen hukua polepole kwa sababu ya baridi, huishi miaka mingi, na wakubwa hula wadogo. Basi sumu huzidi kukusanyika miilini mwao mwaka baada ya mwaka. Wala kumpika samaki hakuiondoi.

Madhara yake yalionekana wazi huko Minamata, nchi ya Japani. Kiwanda kimoja kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi, na watu wakala samaki wa pale. Paka walianza kuyumba kama walevi. Kisha watu nao walishikwa na kutetemeka. Wengine hawakuweza kuona vema, wala kusema, wala kutembea sawasawa. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956. Lililohuzunisha zaidi ni kwamba watoto wengine walizaliwa nao, ijapokuwa mama zao walionekana kuwa wazima. Maana zebaki hupita katika damu ya mama, ikaharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Je, tuache kula samaki? Hasha! Samaki ni chakula chema sana. Wataalamu waliopima samaki wa Ziwa Viktoria wameona kwamba wengi wao wana zebaki kidogo, chini ya mpaka uliowekwa, yaani nusu miligramu katika kilo moja ya samaki. Lakini sangara wakubwa huwa na zebaki kuliko wadogo. Dagaa, ambaye ni mdogo na haishi siku nyingi, hana nafasi ya kukusanya nyingi.

Lipasalo ni kuizuia sumu pale itokapo. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mapatano ya kupunguza zebaki, yakaitwa kwa jina la Minamata, na Tanzania imo miongoni mwao. Mchimbaji naye aweza kuchoma donge lake ndani ya chombo kilichofungwa, chenye bomba la kuupoza mvuke urudi kuwa majimaji. Hivyo hapotezi zebaki yake, wala haivuti puani. Na asichome kamwe nyumbani, wala katika chungu cha kupikia, mahali walipo watoto.

Moshi wa donge dogo moja ni kitu kidogo. Lakini makumi ya maelfu ya moto huo yakiwaka, samaki wa ziwa lisilo na jirani hula sumu, na mtoto ambaye hajazaliwa huila pia.

MASWALI
1. Kwa nini wachimbaji hutumia zebaki?
2. Zebaki ilifikaje katika Ziwa Hazen?
3. Kwa nini samaki mkubwa huwa na sumu kuliko mdogo?
4. Mchimbaji afanyeje ili asiwadhuru jamaa zake?