Kitenzi cha Kihispania katika Sikio la Msemaji wa Kingiti

Vitabu vingi vya kufundishia Kihispania huanza kwa jedwali: nafsi sita, viambishi sita, na agizo la kukariri. Kwa mwanafunzi wa Aveba, kusini ya Bunia, njia hiyo hupuuza mengi anayoyajua tayari. Nyumbani husema Kingiti, lugha ya jamii ya Sudani ya Kati; sokoni hutumia Kiswahili, na darasani Kifaransa. (Kihispania chenyewe kimewahi kusikika Ituri: mwaka 2003 askari wa Uruguay walikaa Bunia chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa.)

Katika tutasema, nafsi hutangulia, njeo hufuata, kisha huja mzizi. Kila kiungo kinaonekana. Kihispania hupeleka nafsi mwishoni: hablaremos. Katika hablo, yaani ninasema, irabu moja -o hubeba nafsi, idadi na njeo kwa pamoja, wala haigawanyiki. Hata hivyo, lugha zote mbili hazilazimishi kiwakilishi, kwa kuwa kitenzi chenyewe humtaja mtendaji. Hapa Kifaransa ndicho kinachopotosha: aliyezoea je atatanguliza yo kila mahali.

Ugumu halisi uko kwingineko. Hablo ni ninasema. Habló ni alisema. Hable ni aseme. Hablé ni nilisema. Sauti ni zile zile, na kinachozitenga ni shadda tu. Katika Kiswahili shadda takriban daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, wala haibadilishi njeo. Kwa hiyo sikio lililolelewa na Kiswahili huipita bila kuijali, na la jana likasemwa kana kwamba ni la leo.

Kingiti ni lugha ya toni, na humo toni hutenda kazi ya sarufi pamoja na ya msamiati, kama alivyoeleza Constance Kutsch Lojenga katika sarufi yake ya mwaka 1994. Toni si shadda, na haifai kuzichanganya. Lakini mtoto aliyezoea tangu utotoni kwamba silabi zile zile hubadili maana kwa jinsi zinavyotamkwa si mgeni kamili wa jambo hili. Shule inayomtaka aiache lugha hiyo mlangoni humnyang'anya zana aliyokuja nayo.

Kuhusu umbo la matakwa, Kiswahili hufaa tena: anasema huwa aseme, na habla huwa hable. Kufanana huku ni kwa bahati tu, na hakufiki mbali, kwani come, yaani anakula, huwa coma.

Somo la kwanza, basi, lingefaa kuwa la sikio: mwalimu atamke hablo na habló mara nyingi, mwanafunzi ajibu ninasema au alisema, na ubaoni pasiandikwe kitu. Jedwali la nafsi sita lifuate baadaye, pamoja na soy na voy, ambazo hazina budi kukaririwa.