Kwa nini projekta ya kanisa huchemka Sumbawanga penye baridi

Barua iliyonifikia kutoka Sumbawanga inailalamikia programu. Aliyeiandika ndiye anayekaa kwenye kompyuta ya kanisa kila Jumapili, akirusha ukutani mapambio, beti za Tenzi za Rohoni na mistari ya Biblia. Projekta walipewa na usharika rafiki wa Dar es Salaam, ambako ilitumika miaka bila kusumbua. Tangu ipande nyanda za Ufipa, iliko Sumbawanga, imeanza vituko: katikati ya mahubiri ukuta unakuwa mtupu, kitaa chekundu kinamemeta, na waumini wote wanageuka kumtazama yeye. Ameshaifuta EasyWorship akaweka OpenLP, kisha akairudisha EasyWorship. Sasa anauliza anunue ipi.

Asinunue yoyote. Mwenyewe ameeleza kwamba ukuta ukizimika, slaidi bado inaonekana kwenye kompyuta yake, kwa hiyo programu imeshatimiza kazi yake. Kitaa kile ni cha joto. Na hapo ndipo barua yake iliponikosha, maana amemalizia kwa kuuliza: itachemkaje na baridi yote hii?

Jinsi picha inavyosafiri kwenye waya nitaipita, haina utamu. Utamu uko kwenye hewa.

Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua kubanwa. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Dar, siku ya nyuzi 30, ina uzito wa karibu kilo 1.16. Ya Sumbawanga, siku ya nyuzi 20, ina kilo 0.97 hivi: imepungua kwa asilimia 16. Feni ya projekta haipimi uzito. Inazunguka kama ilivyopangiwa, inasukuma ujazo uleule, na haina habari kwamba imehamishwa mkoa.

Lifikirie joto la ndani ya projekta kama magunia ya mahindi yanayoingia ghalani bila kukoma, na hewa kama msafara wa malori unaoyatoa. Dar kila lori huondoka na magunia 100. Ufipa malori ni yaleyale, yanapita kwa saa zilezile, ila bodi zimekatwa na kila moja linaondoka na 84. Msimamizi anayehesabu malori ataapa kuwa kazi inakwenda vizuri, huku magunia yakipanda hadi darini. Na baridi je? Baridi maana yake ni kwamba lori la Sumbawanga hufika tupu kabisa, wakati la Dar hufika limeshapakia gunia moja la jua. Gunia moja! Dar inabaki na nafasi ya magunia 99, na bado inaishinda Ufipa ya 84.

Sijalitaja gunia moja kwa kubahatisha. Taa iliyomo kwenye projekta nyingi za namna hii ni ya zebaki, aina ambayo Philips waliiingiza sokoni katikati ya miaka ya 1990. Ni kijipira cha kioo cha kwatzi, kidogo kuliko karanga, na ndani yake mvuke wa zebaki una shinikizo la takriban mara 200 ya lile la hewa ya kawaida. Ukuta wa kijipira hicho hukaribia nyuzi 1,000. Mbele ya nyuzi 1,000, tofauti ya nyuzi 10 kati ya Dar na Sumbawanga ni nini? Kioo kikizidi kuchemka huanza kupata ukungu mweupe na kuvimba; ndiyo maana kihisio huizima taa mapema. Vipande vingine vya ndani havina moto wa kiasi hicho, navyo baridi huvisaidia. Tuviache.

Dawa imo ndani ya projekta yenyewe. Kwenye menyu imeandikwa High Altitude, na Epson, kwa mfano, huagiza iwashwe kuanzia mita 1,500. Wapo wanaoiita "hali ya mwinuko", jina linalonikumbusha ngazi. Mimi nasema hali ya nyanda za juu, na Mtanzania yeyote ataelewa bila kuuliza. Ukiiwasha, feni huongeza kasi: lori likibeba kidogo, safari ziwe nyingi. Itavuma, na wakati wa sala ya kimya mtaisikia. Safisheni pia chujio, hasa kiangazi, maana vumbi ni kizuizi barabarani.

Nina jambo na anayeendesha projekta mwenyewe. Mhubiri akisimama, wengi huweka skrini nyeusi ili projekta "ipumzike". Haipumziki hata kidogo. Kwenye projekta za DLP, teknolojia aliyoibuni Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987, picha hutengenezwa na vioo vidogo mno vinavyoinama huku na huku. Kioo kikitaka kuonyesha nyeupe hurusha mwanga ukutani. Kikitaka nyeusi huuelekeza pembeni, ndani ya boksi hilohilo, na unageuka joto. Projekta za LCD nazo huumeza mwanga ndani kwa njia nyingine. Basi, taa ikiwaka vilevile, slaidi nyeusi huongeza wati chache za joto ndani, tena kwenye saa ile ndefu ya mahubiri. Acha andiko la siku libaki ukutani, au ipunguze taa kwenye menyu iwake kwa nguvu ndogo.

Iunganisheni pia na UPS, yaani betri ya akiba. Umeme ukikatika ghafla feni husimama taa ikiwa bado ya moto, na msafara mzima wa malori unalala njiani.

Hizo pesa za programu ziwekwe akiba ya projekta ya leza, isiyo na kijipira cha zebaki. Ikifika, kabla ya wimbo wa kwanza, afungue menyu yake aitafute hali ya nyanda za juu. Nayo huwa nayo.