Mizinga ya Königsberg na Kalamu za Watu wa Bara

Msafiri atokaye Arusha kwenda kreta ya Ngorongoro, akishapanda ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu na kuingia Karatu penye udongo mwekundu na mashamba ya ngano na kahawa, haoni chochote cha kumkumbusha bahari; na lau angeambiwa kwamba vijana wa mji huu, waongoza watalii na walimu wao wa historia, wana wajibu wa kushiriki katika kuandika taarikhi ya manowari, huenda angedhani anafanyiwa mzaha. Mimi naamini kwamba kazi hiyo ni yao sawasawa na ilivyo ya watu wa Unguja na Mombasa, na kwamba isipofanywa na watu wa bara, itabaki nusu.

Chombo cha kuifanyia kazi hiyo kipo tayari. Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo huru iliyoanzishwa mwaka 2003, inamruhusu yeyote mwenye simu na raghba ya elimu kufungua ukurasa, kuuongeza au kuusahihisha. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na saa na jina la aliyelifanya, hitilafu hujadiliwa katika ukurasa wa majadiliano, na makala iliyo fupi mno huitwa mbegu hadi atokee wa kuikuza. Walakini ukilinganisha na yaliyoandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani, kurasa zetu juu ya vita vya baharini ni chache na fupi, ilhali vita hivyo vilipiganwa mbele ya macho ya wazee wetu na kwa migongo yao.

Nitwae mfano mmoja, wa Vita Kuu ya Kwanza. Manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye mizinga 10 ya sentimita 10.5, ilifika Dar es Salaam Juni 1914, na alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikaivamia Pegasus ya Waingereza, iliyokuwa imetia nanga Unguja kwa matengenezo, ikaizamisha. Lakini mitambo ya Königsberg nayo ilikuwa imechoka, na nahodha wake, Max Looff, akaiingiza katika delta ya Rufiji na kuificha nyuma ya mikoko. Vipande vilivyoharibika vikafunguliwa, vikakokotwa nchi kavu na wapagazi hadi karakana ya Dar es Salaam, na vilipokwisha kutengenezwa vikakokotwa tena kurudishwa mtoni. Waingereza walizingira milango ya mto kwa miezi mingi, hata wakaleta kutoka Malta manowari mbili zisizohitaji kina kikubwa cha maji, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya Brazil. Na kwa msaada wa ndege zilizowaonyesha makombora yanaangukia wapi, wakaiangamiza tarehe 11 Julai 1915.

Aghalabu waandishi wa mambo ya bahari hufunga hesabu hapo, na kwangu mimi hapo ndipo inapofunguka. Mizinga yote 10 ilitolewa katika meli ile, ikapelekwa Dar es Salaam na kutiwa magurudumu, kisha ikatawanywa katika koloni zima. Mmoja ulipakiwa katika Graf von Götzen ziwani Tanganyika, meli ile ile ambayo leo twaiita Liemba. Mwingine ulikuwa Kahe, kusini ya Moshi, na Wajerumani wakauharibu kwa mikono yao walipokimbia Machi 1916. Jeshi la Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, lilipotoka Arusha mwezi wa Aprili na kupita Lolkisale na Ufiome, likafika Kondoa na kukutana na mizinga ya manowari hiyo hiyo ikiwafyatulia kutoka milimani, siku nyingi za safari kutoka maji ya chumvi. Mtu wa Karatu akiitazama ramani ataona kwamba vita hivi vya baharini vilipita mashariki ya kwao, karibu kabisa. Na Adolf Siedentopf, Mjerumani aliyekuwa akifuga ng'ombe ndani ya kreta yenyewe, alilipoteza shamba lake kwa vita hivyo hivyo, na mabaki ya nyumba yake yapo mpaka leo.

Sasa ni nani aliyeikokota mizinga hiyo? Haitoshi kuandika kwamba ilipelekwa bara, kama kwamba ilikwenda yenyewe. Ilivutwa kwa kamba na mamia ya watu, katika matope ya masika na mchanga wa kiangazi, nao katika maandishi mengi ya kigeni hupewa sentensi moja, ilhali unene wa chuma cha meli hupewa jedwali. Sidharau jedwali, kwa kuwa kamusi elezo bila vipimo ni porojo. Nasema tu kwamba mwandishi wa Kijerumani au wa Kiingereza hana sababu ya kumtafuta mpagazi, na sisi tunayo.

Hapa ndipo ushirika unapokuwa lazima. Aliyeko Utete anaijua delta. Aliyeko Kigoma anaijua Liemba. Aliyeko Mombasa aweza kuingia Ngome ya Yesu na kupiga picha mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus, mahasimu wawili waliowekwa chini ya ulinzi mmoja. Hakuna msomi mmoja mwenye vyote hivyo.

Kanuni ya kamusi hiyo, nayo ni kanuni njema, yataka kila neno liwe na ithibati iliyochapishwa, kwa hiyo kijana hawezi kuandika tu kwamba babu yake alisema. Lakini na aanze kwa kukumbuka kwamba Kiswahili kina ushahidi wake wa maandishi: Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kutamalaki Mrima mwaka 1307 wa Hijra, akayaeleza mapambano hayo kwa macho ya watu wa pwani, na utenzi huo umechapishwa, waweza kutajwa kama kitabu chochote cha admirali. Simulizi za wazee wa Karatu na Mbulu nazo zaweza kupata hadhi hiyo, ila sharti zirekodiwe kwanza kwa uangalifu na kuchapishwa katika magazeti na tasnifu za vyuo, na jambo hilo halingoji, kwa sababu waliosimuliwa na walioviona vita vya Königsberg sasa ni wachache sana.

Miezi ya Aprili na Mei, wageni wapungukapo na magari ya watalii yakalala Karatu, ingefaa kazi ianzie palipo karibu: Kahe, Lolkisale na Kondoa, kila mahali kwa makala yake, tarehe zake na vyanzo vyake. Nao wapagazi wapewe makala inayosimama peke yake, wasiwe aya ya mwisho katika makala ya manowari.